Barua ya wazi kwa wasimamizi wa kipindi cha nyimbo za Kihindi: mrudishieni C. Aswath washairi wake

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi, Mhariri wa Muziki na mtangazaji wa kipindi cha nyimbo za Kihindi cha Ijumaa usiku.

YAH: NAMNA MNAVYOMTANGAZA MWIMBAJI C. ASWATH NA MUZIKI WA KIKANNADA

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam nyingi kwako na kwa wote unaofanya kazi nao. Ninaandika barua hii hadharani baada ya njia za faragha kunishinda. Nimekwisha kuwaletea barua, nimepiga simu kipindi kikiwa hewani, nimefika hadi mapokezi na kuacha maelezo, na kila mara nimejibiwa kwa upole kwamba jambo langu litafanyiwa kazi. Halijafanyiwa kazi. Kituo sikitaji kwa jina, kwa kuwa wenyewe mnajijua na wasikilizaji wa ukanda huu wa pwani wanawajua, na kwa kuwa shabaha yangu ni kusahihishwa kwa jambo, wala si kuaibishwa kwa mtu.

Kabla ya malalamiko, haki itendeke. Ninyi ni miongoni mwa vituo vichache vya kwetu vilivyothubutu kupiga nyimbo za India zisizotoka katika filamu za Bombay, na mtangazaji wenu ana sikio zuri: asingekuwa nalo, asingeichagua sauti ya C. Aswath kati ya maelfu ya sauti. Mimi nilisoma Mysuru, kusini mwa India, na huko ndiko nilikouzoea muziki huu, katika redio za majirani na katika hafla za kila tarehe 1 Novemba, siku ambayo watu wa jimbo la Karnataka huadhimisha kuundwa kwa jimbo lao. Kwa hiyo mlipoanza kumpiga Aswath nilifurahi kuliko wasikilizaji wenu wengi, na ndiyo maana yale yaliyofuata yameniuma kuliko wengi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Lugha. Kila mnapompiga Aswath mnasema anaimba Kihindi. Haimbi Kihindi. Anaimba Kikannada, lugha ya Karnataka, ambayo katika sensa ya India ya mwaka 2011 ilitajwa na takriban watu milioni 44 kuwa lugha yao ya kwanza. Kihindi ni jamaa ya Kiurdu na Kigujarati. Kikannada kimo katika ukoo mwingine kabisa wa lugha, pamoja na Kitamili, Kitelugu na Kimalayalam, na kina hati yake ya kuandikia na fasihi iliyoandikwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mtangazaji alinijibu kwenye simu kwamba kwa msikilizaji wa kawaida yote hayo ni Kihindi. Naomba kutofautiana naye. Msikilizaji wa kawaida wa pwani amekua na majirani wanaosema Kikachi, Kigujarati na Kipunjabi, anajua dukani kwa nani husemwa nini, na anajua pia kwamba Magoa wana lugha yao. Mtu huyo hashindwi kuambiwa kwamba kuna Kikannada. Aliyeshindwa ni aliyeamua kutomwambia.

2. Washairi. Hili ndilo kubwa, nanyi mtanivumilia nikilirefusha.

Muziki aliouimba Aswath kwao huitwa sugama sangeetha, na mkiutangaza bila kumtaja mshairi mmeuondolea nusu ya mwili wake. Haukuanza na mwimbaji, wala haukuanza na mtia muziki. Ulianza na vitabu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 washairi wa Kikannada waliandika mashairi mafupi ya hisia, yaliyokusudiwa kusomwa lakini yenye mizani iliyokuwa ikidai sauti, kisha wakatokea watu waliojitolea kuyatilia mahadhi. Wa mwanzo kati ya wakubwa hao ni P. Kalinga Rao, aliyezaliwa mwaka 1914 katika ukanda wa pwani wa Udupi na kufariki mwaka 1981, ambaye alichukua mashairi kutoka katika kurasa akayapeleka majukwaani. Baada yake akaja Mysore Ananthaswamy, aliyeishi kuanzia 1936 hadi 1995, mtu wa mahadhi laini na ya upole. Aswath ni wa safu hiyo. Katika muziki wa kitaalamu wa kusini mwa India mwimbaji anaweza kushika mstari mmoja akauzungusha kwa muda mrefu ili kuonyesha uwezo wake wa raga, yaani mifumo ya sauti ambayo muziki huo umejengwa juu yake, na hakuna atakayemlaumu, kwa sababu maneno yanautumikia muziki. Katika sugama sangeetha mambo hugeuka: muziki unayatumikia maneno, na mwimbaji anayefunika maana kwa madoido huhesabiwa kuwa ameharibu.

Sasa tazameni Aswath aliwaimba akina nani. Aliwaimba Kuvempu na D. R. Bendre, ambao wote wawili walitunukiwa Jnanpith, tuzo inayoheshimiwa kuliko zote katika fasihi ya India, wa kwanza kwa mwaka 1967 na wa pili kwa mwaka 1973. Alimwimba K. S. Narasimhaswamy, mshairi wa mapenzi ya ndani ya ndoa, ambaye diwani yake ya mwaka 1942 ilimpa jina lisilofutika. Alimwimba G. S. Shivarudrappa. Aliwaimba washairi wa rika lake walioandika huku wakijua kwamba sauti yake inawasubiri, kama N. S. Lakshminarayana Bhatta na H. S. Venkatesha Murthy. Kila mmoja kati ya hao alihitaji sauti tofauti. Bendre aliandika kwa lahaja ya Dharwad, kaskazini mwa jimbo, yenye vishindo na utani wa mitaani, na Aswath alipomwimba aliacha koo lake liwe pana na la kishamba kwa makusudi. Alipomwimba Narasimhaswamy alilazimika kushuka hadi kwenye sauti ya mume anayezungumza na mkewe jioni, ambayo kwa maoni yangu si kila mara aliipata, kwa kuwa koo lile lilikuwa na nguvu kuliko chumba kidogo cha mashairi yale. Ananthaswamy angewafaa zaidi baadhi yao. Lakini msikilizaji wenu atayaamuaje haya, ikiwa hajaambiwa kwamba nyimbo tatu mlizompigia usiku mmoja zilitoka katika vichwa vya watu watatu?

Sisi si wageni wa jambo hili. Taarabu yetu ni shairi lililotiwa muziki, na pwani hii imejaa ugomvi wa zamani kuhusu nani aliandika beti zipi na nani alisifiwa kwa kuziimba. Kituo chenu chenyewe kilipopiga taarabu kongwe bila kutaja mtunzi, wazee waliandika kulalamika nanyi mkasahihisha hewani juma lililofuata. Ninaomba hadhi ileile kwa washairi wa Kikannada, wala si zaidi.

3. Dini. Mara kwa mara mmepiga nyimbo za Shishunala Sharif, zilizotiwa mahadhi na Aswath, mkazitambulisha kuwa nyimbo za ibada ya Kihindu. Sharif alikuwa Mwislamu. Aliishi kuanzia 1819 hadi 1889 katika kijiji ambacho leo kimo wilaya ya Haveri, na mwalimu wake wa mambo ya roho alikuwa Govinda Bhatta, mzee wa Kibrahmani, yaani wa tabaka la makuhani wa Kihindu, ambaye alimchukua kuwa mwanafunzi wake huku watu wa dini zote mbili wakinung'unika. Mashairi yake yametokana na uhusiano huo, na hadi leo kaburi lake huzuriwa na Waislamu na Wahindu pamoja. Kumwita mtunzi wa nyimbo za ibada ya Kihindu ni kosa la ukweli. Kumwita mtunzi wa kasida nako kungekuwa kosa. Mngesema tu jinsi alivyokuwa, na wasikilizaji wa Tanga, Mombasa na Unguja wangeelewa bila kufafanuliwa, maana habari za murshidi na muridi si ngeni kwao.

Nyongeza hapa ni kwamba ni Aswath, pamoja na mwenzake Shimoga Subbanna, waliomtoa Sharif katika vinywa vya waimbaji wa vijijini wa kaskazini na kumpeleka katika kila nyumba ya Karnataka kwa njia ya kaseti. Subbanna huyo, aliyefariki Agosti 2022, alikuwa wakili kwa kazi na ndiye mwimbaji wa kwanza wa Kikannada kupata tuzo ya taifa ya filamu ya mwimbaji bora wa kiume. Katika moja ya vipindi vyenu sauti yake ilitangazwa kuwa ya Aswath. Wawili hao hawafanani hata kidogo. Sauti ya Subbanna hupaa ikiwa nyororo na yenye mwangwi. Ya Aswath husukuma, hukwaruza, na wakati mwingine hugeuka usemi mtupu.

4. Kukata nyimbo. Mna desturi ya kushusha wimbo taratibu na kuingiza matangazo kabla haujafika mwisho. Kwa nyimbo nyingi za dansi hili halina madhara. Kwa mashairi haya ni maafa, na nitatoa mfano mmoja ambao ninyi wenyewe mnaujua kwa kuwa mmeurudia mara nyingi.

Kuna shairi la Sharif ambalo kila mstari wake ni jambo lisilowezekana. Kuku amemmeza nyani. Mbuzi amemmeza tembo. Ukuta umeimeza chokaa iliyopakwa juu yake. Kinu kimeumeza mchi, na jiwe la kusagia limekimeza kigingi chake. Mtunzi anamwambia dada yake mdogo atazame maajabu hayo, na Aswath anayaimba kwa mwendo wa kuchezeka, watu wakipiga makofi, kiasi kwamba Karnataka yote, watoto kwa wazee, wanaujua. Mtu asiyejua Kikannada hudhani ni wimbo wa kuchekesha watoto. Kisha katika ubeti wa mwisho Sharif anafichua: nyayo za mwalimu wangu Govinda zimeimeza nafsi yangu. Hapo ndipo msikilizaji hutambua kwamba mambo yote yaliyotangulia yalikuwa yakimtayarisha kwa ajili ya kumezwa huku kumoja, kwa kidogo kukimeza kikubwa, kwa mtu kumezwa na kile alichokuwa akikitazama kwa chini. Ubeti huo ndio mnaoukata. Ni sawa na kumtegea mtu kitendawili, akakupa mji, ukaondoka bila kumwambia jibu.

Isitoshe, mtangazaji huzungumza juu ya mwanzo wa nyimbo. Aswath mara nyingi alianza bila ngoma, kwa mstari mmoja aliousema polepole huku kinanda kikimshikilia chini, kabla tabla haijaingia. Kipande hicho cha sekunde chache ndicho anachowekea msingi wa hisia ya shairi. Ninyi mnakitumia kusoma salamu za wasikilizaji.

5. Maisha yake. Katika kipindi mlichokiita cha kumkumbuka, mlisimulia kwamba alikuwa maskini aliyeishi kwa kuimba harusini, kwamba Bombay ilimkataa, na kwamba alifariki akiwa kijana. Sijui simulizi hiyo iliokotwa wapi, lakini hakuna sehemu yake iliyo kweli.

Aswath alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Channarayapatna, wilaya ya Hassan. Alijifunza muziki wa kaskazini mwa India kwa mwalimu Devagiri Shankar Joshi, na ndiyo maana ndani ya mahadhi yake ya kienyeji zaidi mtu husikia mafunzo ya raga yaliyofichwa vizuri. Kwa miaka 27 aliajiriwa katika kiwanda cha serikali cha vifaa vya simu, Indian Telephone Industries, mjini Bengaluru, hadi alipostaafu mwaka 1992. Tafadhali zingatieni tarehe hiyo. Kaseti za Sharif, muziki wa filamu alioufanya pamoja na L. Vaidyanathan kwa jina la Aswath-Vaidi, kazi zake za jukwaa la tamthilia, sehemu kubwa ya yale yaliyompa jina, vyote vilifanywa na mtu aliyekuwa na ajira ya kiwandani. Habari hii ni nzuri kuliko ile mliyoibuni, na pia inaeleza jambo kuhusu muziki wenyewe: sugama sangeetha kwa sehemu kubwa ni muziki wa wafanyakazi wa ofisi, walimu, mawakili na makarani waliokutana jioni. Haukuwa na matajiri wa kuufadhili kama muziki wa kitaalamu ulivyokuwa na majumba ya wafalme wa Mysore, wala haukuwa na pesa za filamu.

Alifariki Bengaluru tarehe 29 Desemba 2009, siku aliyotimiza miaka 70. Kijana hakuwa.

6. Filamu. Mnamtambulisha kama mwimbaji wa filamu, na hapa nakubali kwamba mna nusu ya ukweli. Alitia muziki katika filamu, na baadhi yake ni kubwa, hasa zile alizoshirikiana na mwongozaji T. S. Nagabharana: ile ya maisha ya Sharif ya mwaka 1990, ile iliyojengwa juu ya mashairi ya Narasimhaswamy, na ile iliyotokana na tamthilia ya Girish Karnad mwaka 1997. Lakini mpangilio ni muhimu. Kwa wimbo wa filamu wa kawaida, hadithi huja kwanza na wimbo hutungwa kuijazia nafasi. Hapa mashairi yalitangulia, yakawa nyimbo, nyimbo zikapendwa, ndipo filamu zikafuata nyuma yake. Tuzo ya taifa ya maneno bora ya nyimbo ilipokwenda kwa filamu ya mashairi ya Narasimhaswamy, aliyepokea sifa alikuwa mzee aliyeyachapisha karibu nusu karne kabla, wakati hakuna aliyewazia kuyapiga picha. Kusema wimbo huo "umetoka katika filamu" ni kumwita baba mtoto wa mwanawe.

Sasa nizungumzie majibu ambayo nimekwisha kupewa, au ambayo natarajia kupewa.

Mtasema wasikilizaji hawaelewi Kikannada, kwa hiyo majina ya washairi hayatawasaidia. Lakini wasikilizaji hao wengi hawaelewi Kihindi pia, na hilo halijawazuia kamwe kuwataja kwa majina waigizaji wa Bombay, wake zao na magari yao. Mtu asiyeelewa maneno ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuambiwa anasikiliza shairi la nani na linahusu nini.

Mtasema muda hautoshi. Kutaja lugha, mshairi, mtia mahadhi na mwimbaji ni sentensi moja. Tangazo la sabuni linalokatiza ubeti wa mwisho lina sentensi nyingi zaidi.

Mtasema habari hazipatikani. Kwa Kiswahili ni kweli kwamba ni chache, na hilo ni sababu ya ninyi kuziongeza, si sababu ya kubuni. Tanzania na Kenya zimepeleka vijana wengi kusoma Bengaluru, Mysuru na Mangaluru. Wengine wamerudi na Kikannada cha sokoni na cha hosteli, na wengi wao wanaweza kusoma maandishi ya jalada la kaseti au kumpigia rafiki aliyebaki huko. Mimi mwenyewe nilijitolea kuwasaidia bila malipo, na ahadi hiyo bado ipo.

Mtasema, hatimaye, kwamba haya ni mambo madogo ya watu wa mbali, na kwamba hata huko kwao hakuna anayejali. Hili ndilo jibu lililonifanya niandike hadharani. Huko kwao watu wanajali kiasi cha kwenda mahakamani. Shairi la Kuvempu lilitangazwa kuwa wimbo rasmi wa jimbo la Karnataka mwaka 2004, kisha kwa miaka mingi ukaendelea mvutano kuhusu mahadhi gani yatumike, wengine wakitaka ya Mysore Ananthaswamy na wengine ya Aswath, hadi serikali ya jimbo ilipoamua mwaka 2022 kwamba yatumike ya Ananthaswamy na wimbo uimbwe kwa dakika mbili na nusu. Bado kulikuwa na mwimbaji aliyeupinga uamuzi huo mbele ya Mahakama Kuu. Binafsi nadhani serikali ilichagua vema, kwa kuwa mahadhi ya Ananthaswamy huimbika na watoto wa shule bila kuwapasua koo, ingawa najua wapenzi wa Aswath watakaonikasirikia. Jambo la kuzingatia ni kwamba swali la nani alitia mahadhi shairi lipi lilizungumzwa na baraza la mawaziri na majaji. Mwaka 2005 Aswath mwenyewe aliandaa tamasha katika Viwanja vya Kasri mjini Bengaluru, akalipa jina kutokana na maneno ya Kuvempu yasemayo kwamba Kikannada ndicho kweli, na umati uliojaa pale ulikuja kusikiliza mashairi ya vitabuni. Hakuwa na wacheza dansi wa kuwavutia. Alikuwa na kundi kubwa la waitikiaji, na watu waliokuja na maneno vichwani.

Na kwa kuwa ninyi ni watu wa redio, acheni niongeze jambo moja linalowahusu moja kwa moja. Muziki huu ulilelewa na redio. Mysuru ilikuwa na kituo chake tangu mwaka 1935, kilichoanzishwa nyumbani kwake na profesa wa saikolojia, M. V. Gopalaswamy, na jina Akashvani ambalo Redio ya India nzima inalitumia lilianzia katika kituo hicho. Baadaye vituo vya redio vya Bengaluru, Mysuru na Dharwad viliwapima waimbaji wa sugama sangeetha kwa usaili, vikawapanga kwa madaraja, vikawarekodi na kuwatangaza, na mtangazaji alitaja jina la mshairi pamoja na la mwimbaji. Redio ya India ilikuwa pia na idhaa ya Kiswahili ambayo baadhi ya wazee wetu walikua nayo. Ninyi mnafanya kazi iliyo na ukoo. Kuwataja washairi ni desturi ya fani yenu kabla ya kuwa ombi langu.

Ninachokiomba, kwa hiyo, ni mambo haya, na ninaomba nijibiwe kwa maandishi:

Kwanza, masahihisho yasomwe hewani katika kipindi chenyewe, saa ileile, kuhusu lugha anayoimba Aswath, kuhusu Sharif, kuhusu sauti ya Subbanna iliyopewa mtu mwingine, na kuhusu simulizi ya maisha yake. Masahihisho yanayosomwa saa sita usiku wakati kipindi kimekwisha hayatakuwa masahihisho.

Pili, kuanzia sasa kila wimbo wa aina hii utajwe kwa lugha, mshairi, mtia mahadhi na mwimbaji, kwa utaratibu huo, na kama hamna uhakika wa mmoja wao, msitaje kitu badala ya kukisia.

Tatu, wimbo ulio shairi upigwe hadi mwisho. Kama dakika hazitoshi, usianzishwe.

Nne, tarehe 29 Desemba mwaka huu, ambayo ni siku ya kuzaliwa na ya kufariki kwa Aswath, mtenge kipindi kizima kwa ajili yake na washairi wake. Nipo tayari kuleta orodha ya nyimbo, tafsiri fupi ya kila moja kwa Kiswahili na maelezo ya matamshi ya majina, ili mtangazaji asiyaharibu. Ningependekeza mwanze na Kalinga Rao ili watu wasikie Aswath alitoka wapi, kisha Bendre mmoja, Narasimhaswamy mmoja, na Sharif wa kuku na nyani kwa ukamilifu wake.

Tano, kipindi kibadilishwe jina. Kikiitwa kipindi cha nyimbo za India, kitabeba lugha zote za nchi ile bila kumdanganya mtu, na hakitapoteza msikilizaji hata mmoja.

Nitasubiri majibu yenu hadi mwisho wa mwezi ujao. Yakija, nitayachapisha papa hapa nilipoichapisha barua hii, pamoja na utetezi wenu wote bila kupunguza neno. Yasipokuja, nitawasilisha nakala kwa mamlaka inayosimamia maudhui ya utangazaji, nikiambatanisha rekodi za vipindi husika.

Wenu katika kuupenda muziki,

Msikilizaji wenu wa miaka mingi,
Tanga

Nakala: Dawati la malalamiko la kituo, Mdhamini wa kipindi